Kopo la Vitamini Lisiwe Hirizi Mpya

 

Wanazuoni wetu wametubainishia kwamba sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ni nadra kupata jambo moja la kila siku linaloyagusa mengi kati ya hayo kwa pamoja. Biashara ya vidonge vya vitamini ni jambo la namna hiyo. Inagusa nafsi, kwa sababu vidonge hivyo humezwa. Inagusa kizazi, kwa sababu wanunuzi wake wakubwa ni wajawazito na wazazi wenye watoto wadogo. Inagusa mali, kwa sababu kopo moja huweza kumeza posho ya nyumba ya siku kadhaa. Na inagusa dini, kwa sababu siku hizi makopo hayo huuzwa kwa jina la dini, mbele ya milango ya misikiti, na baadhi ya wauzaji wake ni ndugu zetu wenyewe.

Anayeishi Kiwengwa, kuanzia Cairo hadi Kumbaurembo, hahitaji kuelezwa makopo haya yanafikaje. Yapo yanayokuja katika mabegi ya jamaa wanaorudi Muscat, Dubai na London. Yapo yanayoachwa na wageni wa mahoteli ya ufukweni, yamebaki nusu, na mfanyakazi akayachukua nyumbani akiona amepewa hidaya. Na yapo yanayoletwa na wauzaji kutoka mjini, wanaopita barazani na kusimama nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa wakieleza kuwa kidonge kimoja kinatibu kisukari, shinikizo la damu, ugumba na uchovu. Mwenye kupokea kopo hilo aghalabu hajui limetengenezwa wapi, limekaa wapi, lina nini ndani, wala kama mwili wake unakihitaji kilichomo.

Tunachokusudia kukisema katika makala hii ni kimoja. Kidonge cha vitamini ni dawa yenye kipimo, na hukumu yake ni hukumu ya dawa. Anayekiuza bila ya elimu amebeba dhamana mbele ya Allah, na anayekitegemea bila ya kupimwa amejivalisha hirizi mpya, ingawa hii imetengenezwa kwa plastiki na ina maandishi ya Kiingereza.

NEEMA YENYE KIPIMO

Kwanza tuseme haki. Vitamini na madini si uzushi. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila ya matunda walitokwa na damu kwenye fizi na wakafa kwa kukosa vitamini C. Mtoto anayekosa vitamini A huanza kwa kutoona vizuri inapoingia magharibi, na huweza kuishia kupofuka. Mama anayekosa asidi ya foliki katika wiki za mwanzo za mimba huweza kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo. Ndiyo maana watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, yuniti 100,000 kwa ambaye hajatimiza mwaka na yuniti 200,000 kwa aliyetimiza. Ndiyo maana mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kidonge cha wajawazito chenye vitamini na madini 15. Basi atakayesoma makala hii akaacha vidonge alivyopewa kliniki, huyo atakuwa ameifahamu kinyume.

Lakini hebu tutazame vizuri mifano hiyo. Katika kila mmoja yupo mtaalamu aliyeamua, kipo kipimo kilichowekwa, na ipo kadi inayoandikwa. Matone yale yale yanayomfaa mtoto mara mbili kwa mwaka yangekuwa sumu lau angepewa kila siku, kwani vitamini A haitoki na mkojo kwa wepesi. Hurundikana katika ini. Mjamzito anayemeza vitamini A ya asili ya wanyama kupita yuniti 10,000 kwa siku anahatarisha viungo vya mtoto aliye tumboni. Vitamini D nayo ikizidi mno hupandisha chokaa katika damu na kuharibu figo. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo watu huviona vyepesi, ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumuua mtoto mdogo aliyevikuta juu ya meza akadhani ni pipi. Neema ya Allah haikuumbwa bila ya kadiri, na anayevuka kadiri huigeuza neema kuwa balaa.

SOMO KUTOKA PEMBA

Wapo watakaosema kwamba khatari hizi ni za nchi za mbali. Tusiende mbali, twende Pemba.

Mwaka 2002 ulianza kisiwani humo utafiti mkubwa uliowahusisha Wizara ya Afya ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Pemba. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waligawanywa makundi. Wengine walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine walipewa hayo pamoja na zinki, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake ili iwepo sehemu ya kulinganisha. Nia ilikuwa njema kabisa. Upungufu wa damu ulikuwa umewatesa watoto wa Pemba, na madini ya chuma ndiyo yanayojenga damu. Nani angedhani kwamba kumpa mtoto kinachojenga damu kungemdhuru?

Mwezi Agosti 2003 kamati iliyokuwa ikiangalia usalama ilishauri makundi yaliyopewa madini ya chuma yasimamishwe, na yakasimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2006 katika jarida la The Lancet yalionesha kwamba watoto waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kulazwa hospitali au kufariki kuliko wale waliopewa kidonge kitupu. Malaria ilikuwa nyingi Pemba wakati ule, na vimelea vya malaria navyo vinahitaji chuma kama unavyohitaji mwili wa mtoto.

Hata hivyo somo halikuishia hapo. Kulikuwa na sehemu ndogo ya utafiti ambamo watoto walipimwa damu mwanzoni, na ambamo malaria iliangaliwa na kutibiwa kwa karibu zaidi. Humo, watoto waliokutwa kweli wana upungufu wa chuma na wa damu walifaidika na vidonge vile vile. Chuma kilikuwa kimoja, kipimo kilikuwa kimoja, na kisiwa kilikuwa kimoja. Kilichotenganisha faida na madhara ni kumjua mtoto kabla ya kumpa dawa, na kumwangalia baada ya kumpa. Baada ya hapo WHO ilitahadharisha juu ya kuwapa watoto wote chuma bila ya kuwapima katika maeneo yenye malaria, na katika muongozo wake wa 2016 ikaeleza kwamba chuma kinaweza kutolewa maeneo hayo iwapo kinakwenda sambamba na kinga na tiba ya malaria. Malaria visiwani kwetu imepungua sana tangu miaka ile, alhamdulillah, lakini kanuni haikubadilika.

Tuzingatie pia kwamba vidonge vya Pemba vilitengenezwa kwa uangalizi, kilichomo ndani kilijulikana, na walikuwepo madaktari wa kuona madhara na kusema simamisheni. Ikiwa hayo yalitokea penye uangalizi wote huo, itakuwaje kwa kopo linalofunguliwa chumbani Kiwengwa, ambalo hakuna anayejua kilichomo wala atakayeandika kilichompata aliyekimeza?

SOMO KUTOKA DAR ES SALAAM

Somo la pili linatufundisha namna ukweli unavyoweza kupotoshwa na mfanyabiashara. Kuanzia 1995, watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia Dar es Salaam wanawake wajawazito 1,078 wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Matokeo yaliyotoka 2004 yalionesha kwamba waliopewa vitamini za kundi B, C na E kwa kipimo kikubwa, katika zama ambazo dawa za ARV zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida, maradhi yaliwazidi kwa mwendo wa polepole zaidi. Hilo ni jema. Lakini katika utafiti huo huo vitamini A ilionekana kuongeza maambukizo kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Kisha akatokea mfanyabiashara wa vitamini, Matthias Rath, akautumia utafiti huo wa Dar es Salaam katika matangazo yake kudai kwamba vitamini ndizo jawabu la UKIMWI, huku akizishutumu ARV kuwa ni sumu. Watafiti wenyewe wa Harvard walijitokeza 2005 kukanusha na kueleza kwamba matokeo yao yamepotoshwa. Huko Afrika Kusini, ambako aligawa vidonge vyake kwa maskini wa Khayelitsha, ilibidi Mahakama Kuu ya Cape iingilie kati mwezi Juni 2008 na kuzuia majaribio na matangazo hayo.

Na kisa kina sehemu ya mwisho. Watafiti walirudi Dar es Salaam kuuliza: je, kwa mgonjwa ambaye sasa anatumia ARV, kipimo kikubwa cha vitamini kinamzidishia faida kuliko kipimo cha kawaida? Waliwafuatilia wagonjwa 3,418. Utafiti huo ulisimamishwa 2009 kabla ya wakati wake, na matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionesha kwamba kipimo kikubwa hakikuongeza faida yoyote, bali kilihusiana na dalili za kuumia kwa ini. Kilichofaa jana kwa mgonjwa wa hali fulani hakikufaa kesho kwa mgonjwa wa hali nyengine.

Hili linawahusu moja kwa moja ndugu zetu wanaotumia ARV leo. Dawa ya dolutegravir, inayotumika sasa nchini, hushikwa tumboni na chuma, chokaa, magnizi na zinki, nayo haiingii mwilini inavyotakiwa iwapo itamezwa vibaya pamoja na kidonge chenye madini hayo. Mambo ya namna hiyo yapo pia katika baadhi ya dawa za kuua bakteria na dawa za tezi ya shingo. Na mgonjwa wa siko seli anayeongezwa damu mara kwa mara huweza kudhurika kwa chuma cha ziada. Muuzaji anayesema kidonge chake hakiingiliani na dawa yoyote kwa sababu eti ni cha asili, anasema jambo asilolijua.

NINI KIMO NDANI YA KOPO?

Watu wengi hudhani kwamba bidhaa iliyoandikwa kuwa imetoka Marekani imeshakaguliwa na serikali ya huko kabla ya kuuzwa. Sivyo. Kwa sheria ya Marekani ya 1994, virutubisho vya namna hii havihitaji idhini ya mamlaka ya dawa kabla ya kuingia sokoni. Mtengenezaji ndiye anayebeba jukumu la usalama wake, na serikali huingilia zaidi baada ya madhara kuonekana.

Matokeo yake ni nini? Mwaka 2008 watu 201 katika majimbo 10 ya nchi hiyo waliugua kwa kunywa kirutubisho cha maji. Lebo ilisema kipimo kimoja kina mikrogramu 200 za seleniamu. Kilichokutwa ndani ni mikrogramu 40,800. Watu walinyonyoka nywele, wakaharisha, wakaumwa na viungo na kuharibika kucha. Kadhalika, uchambuzi wa kumbukumbu za mamlaka ya Marekani za 2007 hadi 2016 ulikuta virutubisho 776 vilivyochanganywa kwa siri na dawa za hospitali, na vingi vyao vilikuwa vile vinavyouzwa kwa kuongeza nguvu za kiume, kupunguza unene na kujenga misuli. Mzee mwenye maradhi ya moyo anayenunua kwa aibu kidonge cha asili cha nguvu huweza kuwa anameza dawa kali ambayo, ikikutana na dawa zake za moyo, humteremsha shinikizo la damu hadi akaanguka.

Ikiwa hayo hutokea nchi yenye maabara kila jimbo, sisi tuna la kuongeza: jua na unyevunyevu. Vitamini nyingi huharibika kwa joto, mwanga na maji. Kopo lililokaa katika kontena bandarini, kisha juu ya meza ya muuzaji juani, kisha katika chumba cha bati karibu na pwani, huweza kuwa limepoteza sehemu ya nguvu zake kabla ya tarehe iliyoandikwa. Vidonge vilivyobadilika rangi, vilivyogandana au vinavyotoa harufu ngeni havifai kumezwa, hata kama tarehe haijafika. Na tarehe yenyewe, ni wangapi kati yetu huisoma?

Hata kilicho salama kina swali la faida. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2024, uliowafuatilia watu wazima wenye afya 390,124 kwa zaidi ya miaka 20, haukuona kwamba wanaomeza kila siku vidonge vya vitamini mchanganyiko wanaishi zaidi kuliko wasiomeza. Huko Finland, matokeo ya 1994 yalionesha kwamba wavuta sigara waliopewa beta karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakupewa.

SUALA LA HALALI

Kwa Muislamu lipo swali jengine ambalo daktari hatomuuliza. Kapsuli nyingi, na vile vitamini vya kutafuna vya watoto vinavyofanana na pipi, hutengenezwa kwa gelatini, na gelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, akiwemo nguruwe. Wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana. Wapo waliosema kwamba kitu kikigeuka dhati yake kikawa kitu chengine, hukumu yake hubadilika, jambo linaloitwa istihala katika fiqhi, na kongamano la Kuwait la 1995 liliegemea huko. Wapo walioona kwamba mageuzi hayo hayajatimia na kwamba cha nguruwe kinabaki kuwa haramu.

Hatukusudii kuutatua mjadala huo hapa. Tunalosema ni kwamba aliye dharurani ana hukumu yake, lakini mwenye afya anayenunua kopo kwa khiyari hana dharura yoyote, na kuepuka shaka ndiyo salama ya dini yake. Zipo kapsuli zinazotengenezwa kwa mimea, na vipo vidonge visivyo na gelatini kabisa. Na inashangaza kumuona muuzaji aliyeandika maneno ya Kisunna juu ya meza yake, ukimuuliza gelatini ya bidhaa zake ni ya mnyama gani, akakwambia hajawahi kutazama.

DHAMANA YA MUUZAJI

Allah (S.W.) ameifungua Surat Al-Mutaffifin kwa onyo kali kwa wanaopunja katika vipimo. Anayeuza kidonge kisicho na kile kilichoandikwa juu yake amepunja kipimo, na kipimo hichi ni kizito kuliko cha mchele, kwa sababu mnunuzi wa mchele huona kwa macho yake. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, alimkemea muuzaji kwa kuificha aibu ya bidhaa, na akajitenga na mwenye kughushi. Na imepokewa kutoka kwake kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, huyo ni mwenye kudhamini madhara yatakayotokea.

Tuyatafakari haya bila ya upendeleo. Jumuiya yetu imepiga vita kwa miaka mingi uganga wa ramli, kombe za kudanganyia watu na hirizi zinazofungwa kwenye mikono ya watoto. Tulisema, na tulisema kweli, kwamba kukitegemea kitu ambacho Allah hakukijaalia kuwa sababu ni upotofu wa itikadi na ulaji wa mali za watu kwa batili. Je, tofauti iko wapi pale mtu anapoambiwa aache dawa ya kisukari aliyopewa hospitali, akaweka matumaini yake katika kopo ambalo muuzaji hawezi hata kulisoma lebo yake? Mganga alichukua kuku na kitambaa; huyu huchukua mshahara wa mwezi.

Na tulionye kwa upole jambo la mfumo wa kuingizana, ambamo kijana hutoa fedha ili awe wakala, kisha faida yake ikawa katika kuwaingiza wengine zaidi kuliko katika kuuza. Wanazuoni wengi wameieleza kasoro ya mifumo hiyo kwa upande wa gharari na ulaji wa mali. Kwa upande wa afya, madhara yake ni kwamba kila anayeingizwa anageuka tabibu kwa usiku mmoja.

MAJIBU KWA WENYE HOJA

Atasema msemaji: kituo chetu cha afya wakati mwengine hakina dawa, na foleni ya Mnazi Mmoja ni ndefu, tufanye nini? Malalamiko haya ni ya kweli, na yanastahiki kufikishwa kwa wenye mamlaka kila siku. Lakini kukosekana kwa dawa sahihi hakuigeuzi isiyo sahihi kuwa dawa. Fedha ya kopo moja hutosha mara nyingi nauli ya kwenda kupimwa wingi wa damu, na kipimo hicho kitamwambia mama jambo ambalo kopo halitomwambia.

Atasema mwengine: vijana wetu wanatafuta riziki, mnataka wafunge biashara? Hatujasema hivyo. Biashara ni halali na vitamini zilizosajiliwa ni halali kuuzwa. Tunataka muuzaji aseme analolijua na anyamaze kwa asilolijua.

Na wa tatu atasema: chakula chetu hakitoshi siku hizi. Hapa tumjibu kwa kumzindua. Mwenyezi Mungu ametupa pwani na shamba kwa pamoja. Dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao wana chokaa na protini. Chaza wanaookotwa maji yakitoka wana chuma na zinki. Matembele, kisamvu, mchicha na mlonge vina vitamini A. Mapera, machungwa na ubuyu vina vitamini C, na mtu akila tunda hilo pamoja na kunde, mwili huchukua chuma cha kunde kwa wepesi zaidi. Jua la uani, kwa dada anayejisitiri na kushinda ndani, humpa vitamini D bila ya malipo akikaa nalo kidogo pasipoonekana na ajinabi. Inasikitisha kuona familia ikiuza samaki wote hotelini na kununua kopo la mafuta ya samaki kwa fedha ile ile.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, kamati za misikiti yetu, kuanzia Kiwengwa na vijiji jirani, zisiruhusu tangazo la tiba juu ya mimbari wala mlangoni pa msikiti isipokuwa kwa bidhaa iliyosajiliwa na kwa maneno ambayo mtaalamu wa afya ameyapitia. Heshima ya msikiti si chombo cha kuuzia.

Pili, muuzaji Muislamu ajiwekee masharti manne: awe na uthibitisho wa usajili, aweke bidhaa kivulini na palipo pakavu, ajue asili ya gelatini yake, na asimwambie mgonjwa yeyote aache dawa ya hospitali. Asiyeweza kuyatimiza, basi milango ya riziki ni mingi.

Tatu, mnunuzi aulize kabla ya kutoa fedha. Kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Zanzibar Nambari 2 ya 2006 iliundwa Bodi ya Chakula na Dawa, ambayo baadaye ikawa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Kuuliza kama bidhaa imesajiliwa ni haki ya kila raia, na kupeleka taarifa ya bidhaa yenye shaka ni katika kukataza maovu. Aliyeletewa kopo na jamaa kutoka ng'ambo alipeleke kwa mfamasia au kituo cha afya kabla ya kulifungua, na kila mgonjwa amtajie daktari wake kila anachomeza.

Nne, wazazi wayaweke makopo yote mbali na watoto, na wasiwafundishe watoto kuita dawa kuwa ni pipi.

Tano, Serikali iongeze ukaguzi katika maduka na minada ya mashamba, kwani mkaguzi akiishia Darajani na Mkunazini, bidhaa iliyokataliwa mjini itahamia kwetu.

Ndugu Waislamu, Allah (S.W.) ametuamrisha tuwaulize wenye elimu pale tusipojua, ametukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Maamrisho hayo hayaishii katika mas-ala ya sala na saumu. Yanatufuata mpaka kwenye glasi ya maji na kidonge tunachokishika mkononi. Kujitibu ni sunna, na kuuliza kabla ya kujitibu ni katika adabu ya sunna hiyo.

Tunamuomba Allah atupe afya njema, atulindie watoto wetu, azibariki riziki za vijana wetu katika halali, na awahidi wanaouza wasichokijua. Wabillahi tawfiq.